Mbeleko ya Immakulata

Benchi letu liko mbele ya duka la Abbasi, hapa Kasulu. Abbasi mtu wa Pangani, tunamwita Mrima, na kahawa ni yake. Saidi ni Redio Mbao, habari zote anazo, za kweli chache. Melkiadi aliwahi kufagia zahanati, basi ni Daktari. Venanti ni Enzi Zile, maana tangu mkewe Immakulata afariki mwaka juzi, wimbo wake ni mmoja: enzi zile watoto wakilia nyumbani, taabu ilikuwa tamu! Bintiye Theodosia, aliyeolewa Kibondo na kuachika, aliusikia akauamini. Mwaka huu wa sabini na sita amechaguliwa kusomea ualimu, na mwanawe wa mwaka na nusu anamtuma kwa basi aje kulelewa na babu yake. Leo. Venanti amekuja na mbeleko ya marehemu kwapani, na kikombe chake kimepoa hajakigusa.

— Si ungemwandikia kwamba huwezi? akasema Redio Mbao.

— Nimwandikieje? Miaka miwili namwambia nazikumbuka zile taabu. Nikikataa, ualimu ndiyo basi tena.

— Kwani ulikuwa unadanganya?

— Sijui, Saidi. Ndiyo maana situlii.

— Kila mzazi anazikumbuka, akasema Mrima. Ni kama kahawa. Chungu mdomoni, lakini ukiikosa unaiulizia.

— Wapi! akasema Redio Mbao. Ni masikio tu hayo. Yakizoea kilio, kikikosekana yanawasha. Kule kijijini Kagerankanda yuko mzee, wanawe walipohama wote akanunua mbuzi akamlaza chumbani, apate wa kumpigia kelele.

— Mbuzi si dawa, akasema Daktari. Kilio cha mtoto kinaingia kwenye mifupa. Mvua ikikaribia kinaamka, mtu anadhani amewakumbuka wanawe, kumbe baridi yabisi. Nimewaona wengi.

— Ukifagia? akauliza Redio Mbao.

— Ndiyo, nikifagia. Mfagiaji haoni?

Venanti akachungulia barabara ya Kibondo.

— Sasa akilia?

— Mwache alie, akasema Mrima. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Hiyo ni ya kufunza adabu, Mrima, akasema Daktari. Huyu hata meno hayajatimia.

— Methali haiulizi meno.

Tukacheka sana. Venanti hakucheka.

— Jana niliwaza, akasema. Nikivikumbuka vile vilio, mtoto simwoni. Namwona Immakulata anatembea naye huku na huku, mimi nimelala. Naogopa, jamani. Huenda mtoto sijamkumbuka hata siku moja.

Mrima akaimwaga kahawa yake iliyopoa, akammiminia nyingine.

Basi likapiga honi. Kondakta akashuka na mtoto mwekundu kwa vumbi, kamasi mpaka kidevuni, analia sauti imekauka.

— Babu yake nani?

— Ego, ndiyo, ni mimi, akasema Venanti, akasimama.

— Abiria mmoja, mama aliyempakata njiani, ameshukia Makere. Tangu huko hajanyamaza. Huyu anataka mgongo tu.

Akaiona mbeleko, akaivuta kutoka kwapani mwa Venanti, akaikunjua.

— Haya wazee. Inafungwaje?

Ulikuwa msimu wa kupanda. Wanawake wote wa mtaa walikuwa shamba, sisi tulikuwa benchini. Mrima ana watoto saba, Redio Mbao wanne, Daktari watano, Venanti watano, na mimi sita. Ishirini na saba. Daktari alishika pindo moja, akaligeuza, akalirudisha. Redio Mbao, ambaye hajawahi kukosa habari, alisema nadhani inaanzia kwapani. Mrima akatangaza kwamba kahawa imekwisha, na hakuna aliyeiomba. Niliona aibu, nasema kweli, kwa sababu mbeleko ya nyumbani kwangu nilikuwa nimeiona asubuhi ileile kwenye kamba.

Dereva akamwita kondakta. Basi likaondoka.

Venanti akainama palepale barabarani, mikono magotini, kama alivyokuwa akiinama mkewe.

— Mwekeni tu, akasema. Nitamshika kwa mikono.

Tukamweka mgongoni. Mtoto akazidi kulia. Venanti akamshika kwa nyuma, akaondoka taratibu, ameinama vilevile, anarudia "hora, hora", neno la kwao la kubembeleza. Mbeleko ilibaki mikononi mwangu, nikamfuata nayo nyuma mpaka kwake.