Fundi Sikio na Pikipiki Zinazochuchumaa

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Fundi Sikio anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Safari hii ni kweli. Inabidi kusisitiza, maana ameshatuaga mara mbili, tukala keki, tukafuta machozi, na Jumatatu iliyofuata tukamkuta kwenye benchi lake amevaa ovaroli kama kawaida, anauliza nani kachukua bisibisi yake.

Alianza kazi karakana hii ikiwa banda la mabati lenye pikipiki chache za kupeleka dawa kwenye zahanati za mbali. Aliziba pancha, akapanda hadi fundi mkuu, na karibu kila anayeshika spana hapa alifundishwa naye. Jina lake, lakini, lilikuja na zile pikipiki kubwa ambazo shokapu yake ya nyuma hubebwa na mfuko wa hewa badala ya springi. Kuzipanda ni raha tupu. Zikianza kuvuja, balaa! Jioni unaiacha imesimama vizuri, asubuhi unaikuta imechuchumaa nyuma kama mtu aliyechoshwa na foleni.

Hapo ndipo alipoitwa Fundi Sikio. Kwanza redio inazimwa. Kisha kompresa. Anayetafuna karanga anameza haraka. Halafu yeye anainama, anaufuata ule mpira mwembamba wa hewa kuanzia kwenye valvu hadi kwenye mfuko, shavu limeusogelea kabisa, macho kayafumba. Na sisi sote tumebana pumzi. Siku moja mkuu wa karakana aliingia katikati ya kimya hicho, akavua kofia na kuanza kutupa pole mmoja mmoja, akidhani tumefiwa.

Kuna kosa moja ambalo mafundi wa hapa hawaachi, hata uwaimbie. Wanapenda kuipandisha pikipiki kwenye stendi ndipo waipake povu la sabuni kutafuta panapovuja. Mgongo hauumi, sawa. Ila ikiwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma linaning'inia, mpira unanyooka, na ufa uliomo unajifunga wenyewe. Povu linatulia tuli. Basi lawama zinaangukia mfuko wa hewa, maskini, usio na hatia, unabadilishwa, na kesho yake pikipiki imechuchumaa vilevile. Fundi Sikio alikuwa na neno moja tu kwao: ishusheni, ikalieni. Wa kuikalia alikuwa Mama Chai, anayetuchemshia chai, ambaye Mungu kamjalia mwili wa kutosha. Mwanzoni alinuna. Siku hizi ukimchokoza anakwambia waziwazi kwamba bila yeye karakana hii haina vipimo.

Sasa, kwa nini mtu huyu hakuondoka mara mbili zile? Alisema hawezi kuacha pikipiki za dawa mikononi mwa watu wanaopenda stendi. Mkewe, shemeji yetu, alivumilia hadi uvumilivu ukamwisha. Mwezi uliopita alikuja mwenyewe, akamsalimia kila mtu kwa heshima zake zote, akakaa kwenye benchi la mumewe na kutangaza kwamba safari hii asipopewa mume wake atahamishia jiko lake hapahapa. Fundi akakuna kichwa, akatoa sharti. Ataondoka tukipata uvujaji mmoja bila msaada wake. Mmoja tu, jamani!

Nafasi ikaja wiki iliyopita. Muuguzi wetu mmoja alileta pikipiki yake imechuchumaa, na asubuhi yake alitakiwa apeleke chanjo za watoto. Fundi Sikio akachukua kikombe chake, akaenda kukaa mbali, karibu na mlango. Na vijana wake, mbele ya macho yake, wakafanya nini? Wakaipandisha kwenye stendi! Povu likapakwa kila mahali, hakuna kiputo hata kimoja kilichovimba. Fundi mguu ulikuwa unamcheza. Mimi nilikuwa dirishani kwangu stoo, nikamwona anaanza kukunja mikono ya ovaroli. Nikajua basi tena, shemeji kamkosa.

Aliyetuokoa ni Mama Chai. Alitua birika chini, akafoka kwamba yeye amekalia pikipiki miaka yote hii na anaona watu wazima hawajajifunza kitu, akaamuru ishushwe, akapanda. Mtu akazima redio bila kuambiwa. Kimya. Mara, sss! Pale mpira unapopinda chini ya kiti, viputo vikaanza kuvimba. Tulipiga kelele kama watoto. Tulipomgeukia Fundi, alikuwa anatutazama huku akitabasamu, akauliza tumeona nini.

Hakuwa amesikia. Kumbe masikio yake yamedhoofika miaka mingi sasa. Lile shavu alikuwa analilowesha kidogo, kisha analisogeza kwenye mpira ili ahisi ubaridi wa hewa inayotoka. Shemeji alikuwa anajua, na hofu yake kubwa ilikuwa pikipiki zinazorudi nyuma pale uani bila mumewe kuzisikia. Tukamuuliza, sasa kile kimya chote kilikuwa cha nini? Akajibu kwamba kilikuwa chetu, ili siku moja tusikie wenyewe. Mimi nililia, sifichi, na Mama Chai alilia akiwa bado juu ya pikipiki.

Mpira mpya ulifungwa mchana uleule, na asubuhi muuguzi akaondoka na chanjo zake, pikipiki nyuma imesimama wima.

Kaka yetu, asante kwa mikono yako, kwa subira yako, na kwa kutunyamazisha. Shemeji, tunakurudishia mumeo akiwa mzima, na tunaomba radhi kwa kuchelewa. Tunawatakia wote wawili maisha mema, yenye afya na vicheko. Kwenye sherehe kiti chake kitakuwa mbele kabisa, upande wa kushoto, ambako sikio bado linakamata kidogo. Kila atakayesimama kuzungumza, tafadhali, apaze sauti. Kwa miaka yote hii tumekuwa tukinyamaza kwa ajili yake, na siku hiyo tunataka asikie kila neno.