Hesabu ya Saba

Basi lilipoondoka tu, mshonaji alimgeukia mwalimu wa tuisheni aliyeketi dirishani. "Mwalimu, namtoa binti yangu kwako. Juzi ulikosea hesabu ya saba, mpaka yeye ndiye aliyekusahihisha!" Abiria wa nyuma wakaacha kusinzia.

Mwalimu akatabasamu kama aliyepewa zawadi. "Mwezi uliopita si alikuwa akikosea analia, mama?"

Kweli, alikuwa analia mpaka daftari linalowa. Siku hizi anakosea, anacheka, anajisahihisha mwenyewe huku anaimba. Mshonaji akalegea. "Kumbe ulikosea makusudi?"

Basi likasimama. Mwalimu akanyanyuka, akicheka mpaka konda akageuka. "Ya makusudi ilikuwa ya nne, mama, na hiyo bado hajaiona. Ya saba nilikosea kweli!"