Kiberiti, Dada Yetu Aliyepima Moto wa Kila Kitu

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi mliosimama hadi barabarani kwa kukosa viti, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja, ingawa nakiri kwamba nilipowatazama kutoka pale mlangoni nilijiuliza kama siku yangu ikifika nitapata hata nusu yenu. Mimi ni mdogo wake anayemfuata, mwalimu mstaafu wa kemia, na historia hii ilikuwa isomwe na mdogo wetu wa kiume, ambaye ana sauti nzuri na hana kinyongo na mtu, lakini nimeiomba kazi hii mwenyewe kwa sababu kuna neno moja ambalo sikumwambia dada yangu akiwa hai, nilikuwa na miaka kumi na minane ya kulisema, na nikiondoka hapa leo bila kulisema, najijua, sitalisema tena.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtaa wa mafundi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa fundi cherehani na mkunga, mimi nikafuata miaka miwili baadaye, na tangu hapo nimekuwa nikifuata.

Jina la Kiberiti alilipata akiwa na miaka minane, kwa kosa ambalo nilichapwa mimi, maana alikuwa akiokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya baba, anavipeleka nyuma ya choo, anaviweka kimoja kimoja juu ya kifuniko cha bati na kuviwasha, huku akiandika kwenye daftari la hesabu kipi kimewaka upesi, kipi kimejikunja, kipi kimeyeyuka na kudondosha matone ya moto, na moshi wote ukaja kukaa kwenye gauni langu. Baba alipolisoma lile daftari aliacha kuchapa, akalipeleka dukani kuwaonyesha wateja, akawa anawaambia, "Huyu mkubwa ana macho, huyu mdogo ana mdomo," na wateja wakacheka, na mimi nilikuwa nimesimama palepale na matako yanawaka.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza 1974, akaendelea na sekondari hadi 1978, ambako, na hili nalisoma kwa sauti ya wazi, matokeo yake ya kemia yalikuwa ya chini kuliko yangu, kisha akasoma chuo cha ufundi miaka miwili na kupata cheti cha msaidizi wa maabara, tarehe 12 Juni 1981. Mimi nilikwenda chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo, nikarudi na shahada iliyowekwa kwenye fremu, na jioni ile ile niliyorudi nayo baba aliitazama, akasema, "Hongera, mwanangu," kisha akageuka, "Enhe, Kiberiti, leo mmechoma nini?"

Kwa maana alikuwa ameshaajiriwa, tangu tarehe 1 Julai 1982, katika maabara ya kupima vifaa vya ujenzi, chumba cha mwisho upande wa kushoto, chenye sakafu ya saruji, feni ya kutoa moshi iliyolalamika kuliko watu, na tanuru dogo lisilozidi ndoo kwa ukubwa, na katika chumba hicho alikaa miaka thelathini na saba. Wengi mnajua kwamba alikuwa akipima moto, lakini nina hakika wengi hamjui maana yake, kwa hiyo mniruhusu nifundishe kidogo, ni mazoea. Tanuru lile hupashwa hadi nyuzi joto mia saba na hamsini, sampuli inashushwa ndani, na mpimaji anaiangalia kwa nusu saa bila kwenda kunywa chai, na kama kitu hakikupandisha joto la tanuru, hakikutoa mwali wa kudumu na hakikupoteza uzito mwingi, basi hicho, kama jiwe, tofali au kioo, kinaandikwa kuwa hakiungui. Vilivyobaki vyote vinaungua, na hapo ndipo kazi inapoanza, maana kuungua kuna madaraja, kuanzia kile kinachouongezea moto kidogo sana hadi kile kinachopokea mwali wa njiti moja na kukimbia nao, na katika kuyapanga huangaliwa kinashika upesi kiasi gani, kinatoa joto kiasi gani, moshi wake ukoje, na kama kinadondosha matone yanayowaka juu ya kichwa cha aliye chini.

Alikuwa na namna yake ya kuyaeleza mambo haya, na lazima nikubali kwamba ilikuwa nzuri kuliko yangu. Gogo na unga wa mbao ni mti uleule, alikuwa akiwaambia wahandisi, ila gogo linakutana na hewa kwa nje tu na unga wa mbao unakutana nayo kila upande, ndiyo maana gogo linakusubiri uchochee na vumbi lake linaweza kulipuka na paa. Petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi na mvuke ndio unaoshika, mafuta ya taa yanataka kupashwa kidogo kwanza, mafuta ya kupikia yana subira, lakini yakiishiwa subira hayana adabu. Na mtu yeyote aliyemletea kitu kupimwa alikutana na maneno yaleyale mlangoni, "Usiniambie jina lake, niambie kinakaa wapi, kimebandikwa kwa gundi gani, na nyuma yake kuna nini," kwa sababu kinachopangwa daraja si ubao peke yake, ni ubao pamoja na rangi, gundi na kila kilichovishwa juu yake. Wahandisi wenye suti walikuwa wakimfuata kwa gari, na mimi mwenye fremu ukutani nilikuwa nikisahihisha madaftari.

Tarehe 7 Desemba 1985 marehemu alifunga ndoa na shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, fundi umeme, ambaye, kwa kuweka kumbukumbu sawa, alianza kuja nyumbani kwa ajili yangu, mwaka 1984, alipokuwa akifunga taa kwenye chumba cha cherehani cha baba. Niliwahi kumwuliza ilikuwaje, akanijibu bila haya, "Shemeji, wewe ulinieleza umeme ni nini, dada yako alinishikia tochi." Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1987, ambaye leo ni mfamasia, na kijana wa kiume aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1991, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mama yake hakumpa baraka ya kufungua karakana mpaka alipoingia mwenyewe na kutoa nje godoro, makopo ya rangi na kiti cha sponji.

Sasa nafika mwaka 2004, ambao kwenye rasimu ya familia uliandikwa mstari mmoja, kwamba marehemu alishirikiana na mdogo wake katika ujenzi wa ukumbi wa shule. Hatukushirikiana. Mimi nilikuwa mkuu wa idara ya sayansi na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ukumbi ulikuwa wa wanafunzi mia sita, na ili sauti zisigongane tulibandika ukutani mbao za jasi, zile nyeupe za kuwekea dari, zilizowekewa sponji na kuvishwa kitambaa chekundu nilichokichagua mimi, nacho kilipendeza mno. Kibali cha kufungua kilihitaji sahihi ya maabara, nikapeleka ubao wa jasi mtupu, kwa imani ya msomi kwamba jasi haishiki moto na mjadala umekwisha. Dada alinipigia simu akicheka, "Mdogo wangu, umeniletea mgonjwa bila nguo, nguo zake ziko wapi?" nami nikamwambia apime alichopewa.

Hakupima alichopewa. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 7 Septemba 2004, alikuja shuleni na kisu cha baba cha kukatia kitambaa, akakata kipande chenye upana wa viganja viwili nyuma ya jukwaa, kitambaa, sponji, gundi na ubao, akaondoka nacho kwenye mfuko wa karatasi, na alasiri akanipigia kusema kwamba kimeshika papo hapo, kimepanda hadi juu kabla hajamaliza kuandika saa, kimedondosha matone, na amekipa daraja la mwisho kabisa. Kamati ilikaa Alhamisi, tarehe 9, ufunguzi ulikuwa Jumamosi ya tarehe 18, kadi zilikuwa zimegawiwa, na ukuu wa shule ulikuwa unaninukia, na mimi mbele ya wajumbe kumi na mmoja nikasema kwamba tatizo hapa si kitambaa, tatizo ni msaidizi wa maabara anayemwonea wivu mdogo wake aliyesoma. Akanitazama, akafunga faili lake, akasema, "Wivu ninao, tangu siku umevaa joho, sikatai. Ila kitambaa hakina habari na wivu wangu, kimewaka chenyewe." Kisha akakataa kutia sahihi, ufunguzi ukaahirishwa, ukuta ukavuliwa na kupakwa rangi ya kawaida, ukuu wa shule akapewa mwalimu wa jiografia, na mimi na dada yangu tukaacha kusemezana karibu miaka kumi na mitano, hata kwenye mazishi ya baba, mwaka 2008, tukakaa ncha mbili za benchi moja.

Alhamisi, tarehe 20 Oktoba 2011, saa nne asubuhi, wanafunzi wakiwa kwenye mtihani, waya uliungua nyuma ya jukwaa la ukumbi ule, na ukuta wa jasi ukawa mweusi kwa upana wa mkono mmoja, ukaishia hapo, watoto mia sita wakatoka kwa mistari, wengine wakilalamika kwamba watapotezewa muda. Wiki iliyofuata nilipewa cheti cha shukrani kwa kusimamia ujenzi salama, nikakipokea kwa mikono miwili, nikapiga picha.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba Juni 2019, mwezi uleule wa kustaafu kwake, moyo ukionekana umetanuka, akalazwa, na Jumapili ya tarehe 14 Julai nilikwenda wodini na machungwa, nikiwa nimejiandalia hotuba. Sikupewa nafasi ya kuitoa. Aliniuliza, kama tuliachana jana, "Hebu niambie, mwalimu, maji yanakaaje ndani ya jasi?" kisha akaendelea kwamba kwa miaka thelathini na saba amejua jasi inakaidi moto kwa sababu ina maji ndani yake, amewaambia wahandisi hivyo na wakatikisa vichwa, lakini hajawahi kuelewa maji yanakaaje ndani ya kitu kikavu, vitabuni kulikuwa na michoro asiyoielewa, na mtu pekee wa kumwuliza alikuwa mimi, na alikuwa akiona aibu. Nikachukua machungwa nikayapanga juu ya shuka, nikamwonyesha jinsi chembe za jasi zinavyojipanga na chembe za maji zikafungwa katikati yake, zimeshikwa, haziwezi kulowesha, mpaka moto uje kuzing'oa, na moto ukiwa bado unahangaika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke hauwezi kupandisha joto la ubao kupita la maji yanayochemka. Akasema, "Kumbe," kisha akala chembe mojawapo. Siku ile nilimwambia pia habari za cheti cha 2011, akajibu kwamba anajua, fundi aliyeitwa kukagua waya baada ya moto alikuwa mume wake, na kwamba picha nilitoka vizuri.

Tulipata miaka mitatu na miezi michache, tukaitumia kubishana. Hali yake ilibadilika tarehe 2 Novemba 2022, na Jumatano ya tarehe 9 Novemba, saa nane mchana, mumewe na watoto wake wakiwa kando yake, na mimi nikiwa nimetoka kumnunulia maji, akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliovumilia kukaguliwa mapazia yao kila siku na mgonjwa, inawashukuru majirani waliopika, waliobeba viti na waliokubali kuhamisha mitungi yao ya gesi alipowaambia, na inawashukuru wenzake wa maabara, ambao wamenionyesha leo asubuhi lile faili la 2004, lenye mwandiko wake ulionyooka ambao nao sijawahi kuuweza.

Limebaki neno langu. Jioni ya Jumanne ile, tarehe 7 Septemba 2004, baada ya simu ya dada na kabla ya kikao, wanafunzi walipokwisha kuondoka, nilikwenda nyuma ya jukwaa nikakata kipande kingine pembeni ya tundu lake, nikajifungia kwenye maabara ya shule, nikakining'iniza juu ya sinki na kukiwasha. Nilihesabu hadi tano kikashika, sikufika kumi kilikuwa chote moto, na sponji ikadondoka ndani ya sinki ikiendelea kuwaka. Nilifungua madirisha, nikasugua sinki kwa mchanga mpaka likang'aa, na siku mbili baadaye nikasimama mbele ya wajumbe kumi na mmoja nikamwita mwenye wivu. Yeye alikufa akiamini kwamba mdogo wake alikuwa mbishi asiyejua, na nilimwacha aamini hivyo hata wodini, hata tukila machungwa, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu kusamehewa ubishi. Nilijua, dada. Nilijua kabla hujafungua lile faili.

Pumzika sasa, mkubwa wangu, mimi nimemaliza kusema.