Ushauri wa Kufunga Soko

Fundi cherehani alikuwa akisinzia kwenye treni, lakini aliposikia neno kipindupindu kutoka kiti cha mbele, usingizi ulimruka.

"Leo namshauri waziri afunge soko mpaka maji yawe salama," daktari mmoja alimwambia muuza mboga aliyeketi naye.

"Na sisi tule nini, mwanangu?"

"Hilo nalo nitamwambia, mama. Akifunga bila kuwapa chakula, mtauzia vichochoroni na ugonjwa utasambaa."

"Akikataa?"

"Nitarudi kesho. Mimi sichoki."

Fundi alijisemea kwamba mawaziri nao hawachoki kukataa.

Treni ikasimama, daktari akashuka. Muuza mboga, ambaye soko lake lilikuwa kituo kinachofuata, akajitwisha kikapu na kumfuata.

"Hilo la chakula," alisema, "nitamwambia mwenyewe."