Oili Chafu ya Gerezani

Mimi nguruwe hanihusu kwa dini, lakini masikio hayana dini. Kwenye basi la mwendokasi, kijana mmoja mbele yangu alikuwa amepakata dumu la oili chafu aliyoipata gereji za Gerezani. Mama wa pembeni yake akamuuliza ni ya gari gani.

"Ya nguruwe, mama. Wana upele, leo nawapaka wote."

Mama akageuka mwili mzima, kana kwamba aliamka akisubiri jibu hilo. Kumbe naye anafuga nguruwe Mbezi, mwaka wa saba sasa. "Oili inawaunguza, mwanangu. Upele una sindano yake. Wanajikuna?"

"Hawajikuni. Wamelala tu, hawali." Akafungua picha kwenye simu. Nikatazama dirishani kwa heshima ya dini, kisha nikaitazama picha.

"Huo si upele," mama akasema, sauti imepanda mpaka basi zima likageuka. "Wa upele hatulii, anajisugua ukutani. Haya ni mabaka mekundu ya pembe nne. Muite daktari wa mifugo leo hii, maana ugonjwa huu unamwingia na mtu mwenye kidonda."

"Babu yangu alipaka oili miaka yote."

"Na wewe umewashika na mikono mitupu?"

"Juzi niliwaogesha."

Sote tukakitazama kidole chake kilichovimba.

"Waya wa banda ulinikata tu," akasema, akakiingiza mfukoni.

Basi likasimama Magomeni, akashuka haraka. Dumu lilibaki kwenye kiti. Mpaka leo sijui alilisahau au alikubali.