Fundi Nosrat Sohrabi na Koki Zinazong'aa

Tarehe 28 Esfand 1403, mwezi wa mwisho wa mwaka wetu wa Kiirani, saa nane mchana, Fundi Nosrat Sohrabi atarudisha spana za kampuni na kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kutunza maboila ya nyumba za Hamadan. Siku tatu baadaye ni Nowruz, sikukuu ya mwaka mpya. Ataanza mwaka mpya akiwa hana wa kumtuma, jambo ambalo halijamtokea tangu alipokuwa na nywele.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Mahin wa simu, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili ndiye niliyekuwa nikimtuma huku na huko na kumgombeza akichelewa. Nilipompa habari, alisema mstari mmoja unatosha: alikuja, akafanya kazi, akaenda. Nimemkatalia. Yeye naye amekataa sherehe, amekataa zawadi, na kubwa kuliko yote, amekataa ombi la mkurugenzi wetu, Mhandisi Bahador, kwamba awe anarudi kila Jumanne kuwafundisha mafundi wapya. "Usijisumbue, Mhandisi," alimwambia mbele yetu. "Mimi nimeshachoka. Niacheni nikalale." Mhandisi akamshukuru, akafunga daftari, na kikao kikaisha. Sisi wa karakana tulitoka pale tumenyong'onyea. Asipokuja Jumanne, yote anayoyajua yanaondoka naye, kwa maana hakuna mahali yalipoandikwa. Jambo hili ndilo linaloniuma, na nitalirudia.

Alitujia mwezi wa Aban 1372 kutoka Tuyserkan, na gunia la jozi begani, zile kokwa zinazosifika kwao, zawadi kwa bosi ambaye hakuwa hata amemwajiri bado. Siku hizo maboila yalikuwa makubwa, yanakaa chini kabisa ya jengo na kula mafuta mazito, na kazi ya fundi mpya ilikuwa kuyakwangua masizi. Jioni ya siku ya kwanza mlinzi alikataa kumfungulia lango, akidai kwamba mtu aliyeingia asubuhi alikuwa mweupe.

Gesi ilipofika mitaani, yakaja haya maboila madogo ya ukutani, kila nyumba na lake, yanachemsha maji na kuyazungusha kwenye rejeta za vyumbani, yale mabomba bapa ya ukutani yanayopasha nyumba joto. Mafundi wakubwa waliyacheka wakayaita makabati ya jikoni. Nosrat alibeba moja akaenda nalo kwake Alhamisi, akalifumua lote juu ya kitambaa cha kulia chakula, na Ijumaa jioni akawa amelirudisha. Ilibaki skrubu moja. Boila lilifanya kazi miaka kumi na minne bila skrubu ile, na mpaka leo anatembea nayo mfukoni ili asijione bingwa. Mkewe, Bi Akram, naye anasema kitambaa chake hakijaacha kunuka mafuta, na kwamba hajasamehe, na kwamba niandike hivyo hivyo.

Kwa hesabu zangu za simu, Fundi alikuwa akiingia nyumba sita kwa siku wakati wa baridi, na kila nyumba ilimnywesha gilasi mbili za chai. Mtu wa namna hiyo angeweza kuendesha rejeta peke yake. Wateja walikuwa wakipiga wakisema, "Binti yangu Mahin, tuletee yule mwenye masharubu." Nikiwaambia wote wana masharubu, wananiambia, "Yule anayesikiliza."

Lakini nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna wakati hakusikiliza vizuri, na yeye mwenyewe ndiye anayependa kukisimulia kisa hicho kuliko vyote.

Bi Turan Moradi ni mwalimu mstaafu, mjane, anakaa peke yake ghorofa ya tatu. Boila lake liliwekwa vuli ya mwaka 1382 na mumewe, Bwana Mansur, kwa sababu mkewe alikuwa akiumwa viungo. Ilikuwa vuli ya mwisho ya Bwana Mansur. Tangu hapo Bi Turan kila asubuhi, kabla hajafungua pazia, alikuwa akienda kuweka kiganja kwenye rejeta ya chumbani na kusimama hapo kidogo. Hakutueleza maana yake na hatukuuliza.

Kila mwaka Fundi alikwenda kulikagua. Akifika anauliza, "Bi Mkubwa, boila lina shida yoyote?" Naye anajibu, "Shida itoke wapi, mwanangu? Linakwenda vizuri mno, mikono yako isiumie kamwe. Kaa kwanza unywe chai." Fundi anakaa, anakunywa, anatazama geji, anaona sindano iko pale inapotakiwa, anafuta vumbi, anaaga.

Baridi ya sita, mwezi wa Dey, theluji imefika magotini, boila likazimika na halikuwaka tena. Fundi alipolifungua alikuta tumbo limejaa chokaa na tope jeusi la kutu. Boila la miaka mitano lilikuwa na mwili wa mzee wa miaka thelathini. Akabaki anashangaa, kwa sababu maji ya rejeta ni yale yale yanayozunguka, hayatakiwi kuongezwa ovyo. Maji mapya ya Hamadan yana chokaa nyingi na yanaingia na hewa, na hewa ndiyo mama wa kutu. Ndipo jicho lake likaangukia koki ndogo chini ya boila, ile ya kujazia maji. Koki za namna ile hupigwa vumbi na kugandamana. Hii ilikuwa inang'aa kama kijiko.

Akamuuliza Bi Turan nani huifungua. Bi Turan akaona haya. Kumbe rejeta ya chumba cha wageni ilikuwa inavuja tangu miaka mitatu nyuma, taratibu, chini ya zulia. Presha ikawa inashuka, naye kila asubuhi anafungua koki, anaongeza maji, anafunga. Chumba cha wageni anakifunga kwa ufunguo, kama ninyi nyote mnavyofanya, msijifanye hamjui. Hakumwambia mtu.

"Lakini Bi Mkubwa," Fundi alisema, "mimi si nilikuuliza?"

"Uliniuliza," Bi Turan alijibu. "Ila nilikuona umechoka, mwanangu, na nje theluji. Nikasema nisikuongezee kazi."

Fundi Nosrat alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Alitambua siku ile kinachoyaua maboila ya mji huu mapema namna hii. Tulikuwa tunalaumu kiwanda, kiwanda kinalaumu maji, kumbe yanauawa na adabu. Hapa kwetu mtu akiulizwa kama ana shida hujibu hana, akiulizwa tena hujibu hana, na jibu lenyewe linakuja mara ya tatu, kama muulizaji bado yupo. Fundi alikuwa akiuliza mara moja na kuondoka. Aliniambia, "Mahin, mimi ni mtoto wa hapa hapa. Nimelizwa na 'hapana' ya kwanza kama mgeni."

Mhandisi Bahador alikuwa ameshatia saini karatasi kwamba boila ling'olewe, liwekwe jipya. Kwa kanuni hakukosea. Bi Turan hakubisha, alisema tu, "Jipya litaleta joto, najua. Lakini hili aliliweka Mansur." Fundi akaikunja karatasi, akaitia mfukoni pamoja na ile skrubu, akaomba siku nne. Mhandisi alimpa siku nne na akamnunia kumi.

Bi Turan akatoa kwenye ghala korsi ya mama mkwe wake, ile meza fupi ya kutandikwa blanketi juu ya makaa, akakaa humo miguu ndani na redio pembeni. Fundi akautoa moyo wa boila, lile fungu la mabomba ya shaba, akaulaza kwenye dawa ya kuyeyusha chokaa, kisha akachomelea kitundu kilichotobolewa na kutu. Akazing'oa rejeta zote tano, akaziteremsha uani moja moja na kuzisukumia maji kwa mpira, na theluji ya uani ikawa nyeusi kama wino. Ile iliyokuwa ikivuja ilihitaji pete ya mpira tu. Kipande kisichojaza kiganja kilikaribia kumaliza boila zima.

Siku ya nne adhuhuri akaliwasha. Likakohoa mara mbili, likashika. Bi Turan alikwenda chumbani, akaweka kiganja pale anapokiweka siku zote. Fundi anasema alisubiri sebuleni mpaka chai ikapoa, na kwamba macho yalimwasha kwa sababu ya ile dawa ya chokaa. Nami nimeandika alivyosema.

Tangu hapo alibadilisha kazi yake. Hakuuliza tena kama kuna shida. Akifika anaomba birika la chai, anachungulia ndani, na unene wa chokaa ya birika unamweleza hali ya boila. Halafu anapitisha kidole kwenye koki: ikiwa na vumbi anatabasamu, ikiwa inang'aa anavua koti. Kisha anaomba kufunguliwa chumba cha wageni. Hapo palikuwa na vita. Wenye nyumba walinipigia simu wakilalamika kwamba fundi wenu mwenye suruali ya masizi anataka kukanyaga zulia la wageni. Naye akawa anawajibu, "Na mimi ni nani, si mgeni?" Ndiyo sababu mkoba wake umebeba siku zote jozi nne za soksi safi. Anavua za njiani mlangoni, anavaa safi, anaingia kama bwana harusi.

Wateja aliwafundisha kwa maneno machache, na nimeyasikia kwenye simu hadi nayaota. Ukishaongeza maji mara mbili kwa msimu mmoja, usiongeze ya tatu, mpigie Mahin. Ukienda kwa wazazi Ijumaa, lipunguze, usilizime, kwa maana kulishtua kila mara ndiko kunakolichosha. Usifunge rejeta zote ukabakiza moja ukidhani unalihurumia. Lisafishwe mwezi wa Shahrivar, kabla ya baridi, si siku ambayo mji mzima unatetemeka na kunipigia mimi kwa pamoja. Zamani maboila tunayoyatunza yalikuwa yakifa mwaka wa saba. Sasa mengi yanapita kumi na sita. Mhandisi alilalamika kidogo kwamba hatuuzi mapya, halafu akampelekea Fundi la nyumbani kwake.

La Bi Turan limefikisha mwaka wa ishirini na moja. Nilimpigia jana nikamuuliza hali ya boila. Akajibu halina shida yoyote. Nikamuuliza tena, na tena. Mara ya tatu akasema linanguruma kidogo asubuhi. Tumempangia mtu Jumamosi.

Sasa nalirudia lile jambo langu. Ukutani mwa karakana yetu lipo boila bovu, halina gesi wala maji, tulilitundika miaka mingi iliyopita kwa ajili ya kufundishia na hakuna aliyeligusa. Juzi niliwahi kazini nikapita karibu nalo. Kila bomba limefungiwa kikaratasi, na kwa mwandiko wa Fundi Nosrat, herufi kubwa kubwa ambazo yeye mwenyewe hazihitaji, kimeandikwa jina la bomba hilo, kazi yake, na namna linavyougua. Vikaratasi hamsini na vitatu, nimevihesabu. Mlinzi ananiambia tangu mwezi uliopita, Bahman, siku chache baada ya kile kikao, Fundi anafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kujifungia humo hadi tunapokuja. Nilipomuuliza alidai anapoteza muda tu. Basi nikafanya alivyonifundisha. Nikapitisha kidole kwenye koki ya boila lile bovu.

Inang'aa.

Fundi Nosrat, kwa niaba ya wote wa karakana hii, na ya nyumba ambazo watu wake leo wameamka kwenye joto bila kukumbuka kwamba lina mtu nyuma yake, asante. Bi Akram akupokee vizuri, jozi za Tuyserkan zizae, viungo vyako visikuume, na kwa miaka mingi ijayo unywe chai bila kukimbilia kazi nyingine. Tutakukosa sana, na hili nalisema wazi kwa sababu nimejifunza ubaya wa kunyamaza.

Mhandisi alikuomba mara moja. Mimi nilikuomba mara ya pili ukanicheka. Hii ni mara ya tatu, imechapishwa, na karakana nzima inaisoma: je, utakuja Jumanne?

Zile jozi zako nne za soksi nimezifua. Ziko kabatini, rafu ya juu, pale pale unapoweka mkoba wako.