Maharagwe ya Mwalimu Annonciata na Nyota Isiyorudi

Wasikilizaji wapendwa, aliye na sufuria ya maharagwe jikoni apunguze moto kidogo, asogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu. Tunamkumbuka Annonciata Ntirampeba, mwalimu wa hesabu na fizikia, aliyetutoka Januari hii kule Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Na hayo maharagwe yako, kama umeyanunua Nakivale msimu huu, huenda na yenyewe yanamhusu. Subiri, utaelewa.

Annonciata alizaliwa Rutana, Burundi. Alifundisha huko hadi akaanza kuota mvi. Mwaka 2015 alivuka mpaka na mdogo wake Thaddée, wakafika Nakivale, wakapewa kiwanja, wakajenga. Dada akarudi kwenye chaki, mdogo mtu akashika jembe. Wanaomjua Thaddée wanajua ni mtu wa maneno machache na wasiwasi mwingi. Mvua ikichelewa, hali. Mvua ikizidi, halali. Kikundi chao cha wakulima kilimpa ufunguo wa ghala ya mbegu kwa sababu hiyo hiyo. Mtu mwenye wasiwasi hasahau kufunga mlango.

Ghala ile ina kanuni moja. Baada ya mavuno kila kaya inaleta maharagwe yake mazuri. Yanachanganywa na majivu ili wadudu wasiyaguse, kisha yanafungiwa. Hayatoki mpaka mvua ianze. Nyumba ikikosa chakula, majirani watachanga unga, watachanga ndizi, lakini ghala haifunguliwi. Mbegu hailiwi. Narudia, maana ndipo kisa chetu kilipo: mbegu hailiwi.

Sasa, Julai mwaka jana ikaonekana nyota yenye mkia, imetoka nje kabisa ya ukoo wa jua letu. Ilizaliwa kwa jua jingine, mbali tusikokujua. Wataalamu walikuwa wamewahi kutambua wageni wawili tu wa namna hiyo. Huyu alikuwa wa tatu. Habari ikafika Nakivale kwa simu, na njiani ikaota pembe. Mhubiri mmoja wa kupita akasimama sokoni na kipaza sauti, akasema nyota itatuangukia kabla ya Noeli.

Weee! Nakivale ikachemka. Wengine walifanya mzaha. "Mgeni huyo atapewa kiwanja wapi, na sisi wenyewe tumebanana?" Lakini mzaha ulikuwa wa mchana. Jioni watu walifunga milango mapema.

Cansilde, jirani yao, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, ndiye aliyeisema hofu hiyo wazi. Alikuja na kikundi kizima hadi mlangoni kwa Thaddée, kudai ufunguo.

"Mwalimu, weye unasema tupande," alimwambia Annonciata. "Tupande, na dunia inaisha kabla ya Noeli? Nani atavuna? Tufungue ghala tule. Kama ni kufa, tufe tumeshiba. Lisemwalo lipo!"

"Basi kama lipo, twende tukalitazame," Annonciata akajibu.

Thaddée alikuwa ameukamata ufunguo hadi kiganja kinauma. Na nawaambia ukweli, wasikilizaji, naye alikuwa anaogopa. Watu walipoondoka alimuuliza dada yake kwa sauti ya chini, "Dada, na kama ni kweli?" Annonciata hakumcheka. Alimwambia avae viatu, kesho wanakwenda Mbarara.

Cansilde akajialika mwenyewe. Wakaenda watatu.

Pale Biharwe, nje kidogo ya mji wa Mbarara, kwenye chumba cha kupanga, anakaa Elisée, kijana wa Kivu Kusini aliyefundishwa na Annonciata hapo hapo Nakivale. Siku hizi ni mtafiti. Anachukua picha zilizopigwa na darubini zilizo angani, picha ambazo wenyewe wanaziachia dunia nzima, anapima mwanga, anapima vumbi, anapima gesi inayotoka kwenye nyota ile. Alipomwona mwalimu wake mlangoni, akasimama wima kama yuko darasani.

"Karibu, Madame! Kaa fasi hii. Hii kiti ni nzuri kidogo."

Cansilde alitaka kwanza kujua kwa nini darubini iwekwe angani, si iwekwe mlimani tu? Annonciata ndiye aliyemjibu. "Ukifunua sufuria, unaona maharagwe?"

"Naona mvuke."

"Hewa yetu ndiyo huo mvuke. Darubini ya angani imeshapita mvuke, inatazama chakula chenyewe."

Elisée akafungua picha. Cansilde akavaa miwani ya Thaddée, akainama hadi pua ikagusa kompyuta. Katikati ya giza kulikuwa na alama ndogo ya mwanga, imezungukwa na ukungu.

"Haka kadoti?" akasema. "Ni haka kadoti kamenikosesha usingizi?"

Kisha Elisée akawaonyesha njia yake. Nyota hii ilikuwa na mbio nyingi mno, akasema, hata jua halikuweza kuishika. Itapita, itaenda, haitarudi tena. Na siku itakapotukaribia kabisa, bado itakuwa mbali kuliko jua lilivyo mbali nasi, karibu mara mbili.

"Na ikikata kona?" Cansilde akauliza.

"Mama, haina usukani."

Cansilde alicheka mpaka akashika mbavu. Njia nzima ya kurudi alikuwa anarudia peke yake, haina usukani, haina usukani. Wiki ile mvua zikaanza, Thaddée akafungua ghala, watu wakapokea mbegu, wakapanda. Walipanda kwa neno la Annonciata. Alikuwa amesimama mbele ya kikundi na kusema, "Mimi nimeitazama. Pandeni."

Hapo Thaddée angepumzika, sivyo? Wapi! Oktoba nyota ikaingia nyuma ya jua. Darubini za duniani hazikuiona tena, na uvumi ukarudi na meno. Imejificha! Inatuvizia! Wengine waliiona nyota kubwa ya alfajiri, wakaapa kwamba ndiyo hiyo, na kila siku inaongezeka. Ilikuwa Zuhura, nyota ya siku zote. Annonciata akampigia Elisée, na Elisée akatuma picha kwa wasap. Zipo darubini nyingine angani, kazi yake ni kulitazama jua usiku na mchana. Zenyewe ziliendelea kuiona. "Madame, iko palepale," aliandika. "Iko njia yake ile ile." Thaddée akatembea nyumba kwa nyumba na simu, akiwaonyesha watu kadoti.

Lakini wakati huo tayari alikuwa na hofu nyingine, nzito kuliko ile ya kwanza. Moyo wa dada yake ulikuwa unachoka. Miguu imevimba. Hatua chache tu, anatafuta pa kukaa. Jioni moja, wakichambua mchicha, Annonciata akamwambia waziwazi, na Thaddée amenipa ruhusa niyaseme maneno hayo hapa.

"Thaddée, mimi kufa nitakufa, hilo tumelijua. Ila nikifa kabla nyota hii haijapita, watasema imenichukua. Wataogopa, watayang'oa maharagwe mabichi wayale, na ghala itabaki na majivu. Niombee nifike Noeli. Baada ya hapo Mungu afanye atakavyo."

Jamani! Toka siku hiyo Thaddée alikuwa na kazi moja, kuhesabu pumzi za dada yake. Alimpikia uji, alimkataza kubeba hata kikombe. Annonciata akamwambia, "Sasa unaniua kwa uji."

Desemba ilipoanza hali ikawa mbaya, akapelekwa hospitali Mbarara. Gari lilipotoka Nakivale amelala kiti cha nyuma, watu waliona. Gari lilikuwa halijafika mbali, habari ikawa imefika kote: mwalimu amekufa, nyota imemchukua.

Kesho yake Thaddée alikuwa kando ya kitanda, simu ikalia. Ni Cansilde, analia. "Thaddée, pole ndugu yangu, pole sana. Tumesikia. Niko shambani kwa Onesphore wa kikundi chetu, watu wamekuja na majembe, naye yumo. Wanang'oa. Nimewaambia waache, hawanisikii."

Muuguzi akaja mbio, Mnyankore mmoja mpole, mwenyeji wa huko Mbarara. "Mzee, simu peleka nje. Mama anapumzika."

Lakini mama alikuwa ameshafumbua macho. Alinyoosha mkono. "Muuguzi, tafadhali. Dakika moja tu." Akachukua simu. "Cansilde, weka sauti kubwa, wote wanisikie."

Upande wa pili, Cansilde anasema, mtu mmoja aliangusha jembe akataka kukimbia.

"Mimi Annonciata. Niko hai," sauti ikatoka shambani. Ilikuwa sauti ndogo, lakini ya darasani. "Niko hai, na maharagwe yenu yako hai. Yaacheni yakomae. Onesphore, hilo jembe liko mkononi bado?"

"Nimeliweka chini, Mwalimu."

"Umeliweka sasa hivi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Shamba zima likaangua kicheko. Hata Onesphore. Na baada ya kicheko, Cansilde anasema, hakuna aliyeinama tena kung'oa. Wodini, Annonciata alirudisha simu akalala. Thaddée akatoka hadi ukutani nje, akakaa chini, akalia kwa shukrani kama mtoto aliyepotea akapatikana.

Annonciata alipata nafuu kidogo, akaomba arudishwe nyumbani. Tarehe kumi na tisa Desemba, siku nyota ilipotukaribia kuliko siku zote, alikuwa amekaa mlangoni kwake juani. Hakuna kilichoanguka. Mbuzi walikula, watoto walichota maji. Cansilde alipita na ndoo kichwani, akatazama juu, akasema, "Hata haijatusalimia!" Noeli ikafika. Watu wakaenda misa. Kisha maharagwe yakakauka, yakavunwa, yakapigwa, na uwanja wa Thaddée ukajaa magunia. Kila kaya ikaleta mbegu ghalani. Annonciata alichukua konzi moja ya majivu, akaichanganya kwa mkono wake.

Januari akalala, hakuamka. Alikufa nyumbani, mchana, mdogo wake yupo.

Nilimuuliza Thaddée yukoje. Akasema, "Nilikuwa naogopa kwamba nitamlilia pamoja na njaa. Sikulia njaa. Nilimlilia dada yangu tu, peke yake. Nashukuru."

Siku ya kumaliza matanga walikuja watu wengi, hata Elisée kutoka Mbarara. Walipikiwa maharagwe. Wote walijua ni maharagwe gani, na walikula mpaka sufuria ikakwanguliwa.

Kwa Thaddée, kwa ndugu walio Rutana, kwa wanafunzi wote waliopita mikononi mwake, sisi hapa redioni tunasema poleni. Mungu ampumzishe kwa amani. Na sisi tuliobaki tujiulize. Neno la kutisha likija mlangoni, tutakimbilia kufungua ghala, au tutamtafuta kwanza aliyetazama? Annonciata hakuwaambia watu wasiogope. Aliwachukua wakatazame.

Mvua zimeanza Nakivale. Wiki hii Thaddée amefungua ghala, na mbegu iliyochanganywa kwa mkono wa dada yake imeingia ardhini. Nyota nayo inazidi kwenda, darubini bado zinaisindikiza, na Elisée bado anatuma picha. Juzi alituma nyingine. Thaddée akampelekea Cansilde shambani. Cansilde akafuta mkono wenye udongo kwenye kanga, akaitazama simu kwa muda mrefu.

"Kamekuwa kadogo zaidi," akasema. "Kaende salama. Nawe, Thaddée, ukipita kaburini, mwambie mwalimu tumepanda."